Mtoto wa Vyumba Vitatu

Mama alipoambiwa kwamba figo zake zimechoka, hakuuliza atapona lini. Aliuliza atazikwa wapi.

Daktari akadhani hakusikia vizuri, akaanza kueleza upya. Mama akamngoja amalize, kisha akanigeukia. "Mwambie daktari nimemwelewa. Wewe sasa nijibu. Mtanipeleka wapi?"

Tulijua anachokiogopa. Halmashauri ilifungua makaburi mapya nyuma ya jalala, uwanja mmoja mkavu, kila kaburi na kibao cha zege chenye namba. Huchagui mahali. Unalazwa kwa foleni, aliyekufa leo kando ya aliyekufa jana, basi. Mama alikwenda huko mara moja kumzika jirani yetu akarudi amenuna kama mtu aliyeibiwa. "Wanapanga watu kama matofali," alisema. "Kushoto humjui, kulia humjui. Mimi nimeishi hivyo. Sitaki kufa hivyo."

Sababu alikuwa nayo. Mama hakuwa na ndugu. Si kwamba walikufa, wala si kwamba waligombana. Hakuwa nao tu. Alilelewa na bibi yetu peke yake, mpishi wa kambi ya machimbo ya mawe, na bibi akafa mama angali binti mdogo. Hospitali ilimzika yenyewe, mahali hata alama hapana. Kuhusu baba yake, mama aliambiwa jambo moja: "Alikufa machimboni kabla hujajua kutamka baba." Watoto wenzake walimwita mtoto wa kokoto. Siku alipoolewa, upande wa baba yetu walijaza viti vyote wakaanza kukaa madirishani, na upande wake alikaa yeye na mwanamke aliyempangisha chumba. Mpaka leo shangazi yetu akikorofishana naye humwambia, "Wewe utayajulia wapi mambo ya ukoo?" Mama huondoka akaenda kufua hata kisichokuwa kichafu.

Makaburi ya machimbo bado yapo, juu kidogo ya lile shimo lililojaa maji. Yalifungwa zamani, lakini halmashauri iliacha mwanya mmoja. Mwenye mzazi au mwenzi aliyelala pale anaweza kulazwa kando yake, mradi familia ilete uthibitisho. Mama alitaka hicho tu. Alale kando ya baba yake, na kabla ya hapo aambiwe baba huyo ni nani.

"Nitajie mtu mmoja wa kwangu," aliniambia tulipomtoa hospitali. "Mmoja tu. Halafu nife nitakavyo."

Mimi ni fundi bomba. Watu huniita Spana, hata mama. Shule niliiacha darasa la sita na sijawahi kuililia. Lakini nilijua pa kuanzia, kwa sababu mwaka uliotangulia niliitwa kuziba bomba lililokuwa likivuja chini ya jengo la halmashauri, kwenye chumba cha kumbukumbu. Rafu mpaka darini, majalada yamefungwa kamba kama mizigo ya safari. Ndipo nilipojua kwamba watu waliokufa nao wana makabati yao.

Mtunza kumbukumbu ni mwanamke wa rika langu, ana vitu viwili: miwani na ulimi. Wenzake wa ghorofani humwita Mama Vumbi na yeye huitika.

"Fundi, sijakuita," alisema aliponiona mlangoni.

"Leo nimekuja na shida yangu."

"Mwanaume akishuka huku na shida yake anatafuta kiwanja cha marehemu baba yake ili awadhulumu dada zake. Chako kiko wapi?"

"Sina kiwanja. Namtafuta babu."

"Ulimpoteza lini?"

"Sikuwahi kuwa naye."

Alinitazama juu ya miwani. "Haya, vuta kiti. Huyo ni rahisi, hawezi kutukimbia."

Hakuwa rahisi. Kambi ilikuwa na madaftari yake ya ndoa, kila ndoa mstari mmoja: jina la mume, kazi yake, jina la mke, kazi yake, alama za vidole gumba kwa wasiojua kuandika. Na wengi hawakujua. Wino umefifia, panya wamekula pembe, maji yamegandisha kurasa. Mimi husoma polepole, kwa kidole, kama mtu anayechambua mchele. Nilikuwa nakwenda kila nikimaliza kazi mapema, na Mama Vumbi akiona nimekwama alikuwa akisema, "Sukuma, fundi, hilo bomba litafunguka."

Kitu kilichotusaidia ni kidole. Mama alitueleza tangu tukiwa watoto kwamba bibi alijikata na kisu cha jikoni, kovu likapita katikati ya gumba la kulia kutoka ubavu hadi ubavu. Nilimwambia Mama Vumbi, akacheka, akasema majina hudanganya lakini nyama haidanganyi. Akatoa kioo cha kukuzia. Tukawa hatusomi tena majina ya wake, tunatazama vidole vyao.

Nikakiona siku ya mvua. Gumba dogo la buluu, limekatwa na mstari mweupe. Mke: mpishi wa kambi, na jina lilikuwa la bibi. Mume: mpiga baruti.

Mama Vumbi akaenda moja kwa moja kwenye karatasi za sensa ya miaka iliyofuata. Sensa ile waliandika chumba kwa chumba. Chumba cha mpiga baruti kilikuwa na watu wanne. Mume. Mke, mpishi. Binti, miaka saba. Binti, miaka miwili. Jina la huyo wa miaka miwili lilikuwa la mama yangu.

"Fundi," alisema Mama Vumbi, "mama yako ana dada."

Daftari la vifo lilikuwa rafu ya chini. Mpiga baruti alikufa baruti ilipolipuka kabla ya wakati, akazikwa makaburi ya machimbo, safu ya pili. Kila kitu kilikaa mahali pake kama bomba na koki yake. Mama Vumbi akanitolea nakala, akaniambia nisubiri kwanza, kuna madaftari hatujayafungua, kazi ya karatasi ni kama kupika maharage. Nikamwambia mgonjwa wangu hana muda wa maharage.

Nikakimbia nyumbani nimelowa. Sikuvua hata viatu.

"Mama, nimempata."

Nikamsomea nakala zote, ya ndoa, ya sensa, ya kifo. Alinifanya nirudie ya sensa. Kisha akasema polepole, "Mpiga baruti."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo maana nina hasira za karibu." Akacheka mpaka akakohoa, na dada yangu, ambaye ni mshonaji na ndiye anayekaa naye, akatoka chumbani kwake na tepu shingoni akiuliza kuna nini.

Siku kama zile zilizofuata sijawahi kuziona katika nyumba ile. Mama alianza kula. Aliagiza nakala ya ndoa ibandikwe ukutani mbele ya kitanda. Kila aliyekuja kumjulia hali, hata mtu wa kusoma mita ya umeme, aliambiwa habari za mpiga baruti. Akaniambia nimpigie shangazi simu.

"Wifi," akasema, amejiinua kwenye mto, "hivi unajua mimi ni binti wa nani?"

Sikusikia shangazi alijibu nini. Mama alisikiliza akitabasamu, akasema, "Basi sasa unajua," akakata.

Dada alinivuta jikoni. "Una uhakika, Spana? Maana umemfanyia mgonjwa sherehe."

"Imeandikwa."

"Kwangu huwa inaandikwa kiuno inchi thelathini na mbili, mwenyewe akija nguo haipandi."

Nilimwambia ana roho ya korosho. Akasema afadhali korosho kuliko debe tupu.

Lakini mama alishaanza kutaka zaidi. Baba alikuwa amekufa, hakuna la kumfanya. Dada angeweza kuwa hai. "Mtafute," alisema. "Mwambie mdogo wake anaumwa, miguu haimbebi, la sivyo ningemfuata mwenyewe. Mdogo ndiye humfuata mkubwa, si mkubwa kumfuata mdogo. Umwombe radhi kwa hilo kwanza." Akawa anawaza ataitwaje na mtu ambaye hajapata kumwita. Alikuwa akijaribu kwa sauti, akidhani hatumsikii: "Abee, dada."

Nikarudi kwa Mama Vumbi. Hakunitania nilipoingia, na hiyo peke yake ingenitosha kujua kuna jambo.

"Dada wa mama yako nimempata kwenye ndoa yake mwenyewe," alisema. "Baba wa bibi harusi, mpiga baruti, marehemu. Yule bibi harusi anakaa nyuma ya stendi ya malori, anakodisha viti. Wengi wanamjua." Akasita. "Kuna kitu kingine, na sikipendi."

Alinifungulia daftari la ndoa la mwaka uliofuata. Gumba lile lile, mstari ule ule mweupe. Mume: mwendesha kreni. Akafungua jingine. Gumba lile lile. Mume: mnoa tindo. Hakuna talaka, hakuna kifo kati yao. Halafu akanipangia mezani karatasi tatu za sensa, za siku moja, za kambi moja. Chumba cha mpiga baruti: binti, miaka miwili. Chumba cha mwendesha kreni: binti, miaka miwili. Chumba cha mnoa tindo: binti, miaka miwili. Jina moja. Mama yangu alikuwa amehesabiwa katika vyumba vitatu.

"Karani alilewa," nikasema.

"Labda."

"Au alinakili vibaya."

"Fundi, mimi karatasi nakuonyesha, sikuelezi. Nenda kwa mwenye viti. Kama yupo anayejua, ni yeye."

Nyumba yake niliijua kwa viti. Viti vyeupe vya plastiki vimepangwa kimoja juu ya kingine mpaka vinagusa paa. Katikati ya uwanja mwanamke mzee alikuwa ameinama juu ya beseni, anasugua kiti kwa brashi. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Msiba au harusi?"

"Si kimojawapo."

"Basi bado. Kalia hicho kilichokauka." Kisha akanyanyua kichwa. "Umesema mama mkubwa? Mkubwa wa nani?"

Nikamweleza. Nikamtajia kambi, mpiga baruti, mpishi, mtoto wa miaka miwili. Brashi ikasimama. Akakaa kwenye kiti kilicholowa bila kujali.

"Lahaula! Yule mtoto yu hai?"

"Anaumwa. Anataka kukuona. Anaomba radhi kwamba hakuja yeye."

Aliangalia mikono yake. Nilifikiri anafurahi. Halafu akaniuliza kama naijua kambi ilivyokuwa, nikasema siijui.

"Ukiwa huna mke ulilala bwenini. Ishirini, thelathini, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Mwenye cheti cha ndoa alipewa chumba chenye mlango wake. Mwenye mke na watoto wawili, vyumba viwili. Wanaume walikuwa tele, wanawake hakuna. Sasa mpishi akawa anaazimisha kidole."

"Anaazimisha vipi?"

"Anakwenda kwa karani, anabonyeza, mwanaume anapata chumba, yeye anarudi jikoni kwake kulala. Usinitolee macho. Hakuwa malaya. Alikuwa na huruma na alikuwa na kidole."

"Na mpiga baruti?"

"Baba yangu alioa kidole hicho kabla mama yangu hajamfuata kambini. Mama alipokuja na mimi mgongoni akakuta chumba kina mke tayari kwenye karatasi. Akaingia hivyo hivyo. Miaka yote kampuni ikija kukagua aliitikia jina la mpishi. Nami niliandikwa mtoto wa mpishi. Nilikuwa mmoja, tulitaka vyumba viwili. Ndipo mtoto naye akaazimwa, na waume wengine wa karatasi wakamtaka vile vile."

Akaendelea, haraka, kama mtu anayeshusha mzigo kichwani.

"Siku ya sensa karani alianza safu ya juu. Kila chumba kilikuwa na mlango wa nyuma wa kutokea jikoni. Karani akimaliza kuandika, mtoto anatolewa nyuma, anapokelewa, anaingizwa kwingine. Mimi nilisimama naye kwetu, nimemshika mkono. Nilifundishwa kusema, 'Huyu mdogo wangu.' Nilipokosea mazoezini nilipigwa, nilipopatia nikapewa sukari. Yeye alikuwa halii. Unampokeza huyu, unampokeza yule, ametulia tu. Walimpenda kwa hilo. Mtoto mwingine angewaumbua wote."

"Alikuwa wa mpishi," nikasema. Nilisema, sikuuliza.

Mwenye viti akachukua brashi, akasugua mahali ambapo palikuwa safi. "Mpishi hakuwahi kuzaa, mwanangu. Kambi nzima walijua, na mwenyewe alikuwa akisema."

"Wa nani sasa?"

"Unaniuliza mimi? Nilikuwa na miaka saba. Wanawake kila mmoja alikuwa na lake. Wengine walisema aliachwa na watu waliopita wakitafuta kazi. Wengine walisema kuna binti wa safu ya chini alijifungua akarudishwa kwao usiku. Ninachojua, siku moja hatukuwa naye, siku nyingine tunaye. Baba alipokufa kampuni ikapunguza watu. Kila mmoja akabeba wake akaondoka. Yeye akabaki jikoni kwa mpishi."

Lori lilipita nje likatikisa viti vyote. Nilijaribu kufikiri na sikuweza, basi nikafanya kile nilichotumwa.

"Njoo umwone. Umwite mdogo wangu, mara moja tu. Hataishi kukusumbua."

"Uongo huo nilishausema mara moja."

"Ni mgonjwa, mama."

"Mama yangu naye alikuwa mgonjwa," akasema, na sasa sauti ilipanda. "Alipokufa nilikwenda halmashauri nikaomba alale kando ya mumewe. Wakafungua madaftari. Mke wa mpiga baruti ni mpishi. Mama yangu ni nani? Hakuna. Hayupo. Yuko kule nyuma ya jalala na kibao chake cha namba, mwanamke aliyezaa na yule mtu na kumfulia mashati yenye baruti. Sasa wewe umekuja na nakala zako. Kando ya baba ilibaki nafasi moja, na ninaitaka mimi. Halmashauri wanampa anayetangulia kufa, na mama yako ananishinda mbio."

Nikainuka. Akanisindikiza mpaka barabarani, akanishika kiwiko kwa mkono uliolowa. "Mwambie pole," alisema. "Sina ubaya naye. Lakini si wangu."

Dada aliningoja nje ya nyumba, kwenye ngazi, tepu shingoni. Nilimweleza yote nimesimama. Alifunika mdomo, kisha akaondoa mkono akawa yule yule dada ninayemjua.

"Sikiliza, Spana. Karatasi zinatosha. Ndoa ipo, sensa ipo, kaburi lipo. Halmashauri haitauliza nani alimzaa nani. Mama atalala anakotaka. Wewe kazi yako ni kufunga mdomo."

"Na yule mwenye baba yake?"

"Yule ana miguu, mama hana. Mimi nina mama mmoja. Ingia, sema amekusalimu, toka. Hata wewe huwezi kuharibu salamu."

Nikaingia. Mama alikuwa amesukwa nywele. Alikuwa amevaa kanga mpya, mgonjwa wa kitandani.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Anafananaje?"

"Ana mikono yenye nguvu. Anakodisha viti."

"Viti!" Akapiga paja. "Basi msiba wangu hamtahangaika. Anasemaje?"

"Anakusalimu."

"Anasemaje?"

"Anakusalimu sana, mama."

"Salamu nimezipokea. Nakuuliza alisemaje. Aliniitaje?"

Hapo nikakwama. Salamu ningeweza kuibeba mpaka kesho. Lakini alitaka neno, na neno hilo lilikuwa la mtu mwingine, na mwenyewe alilikataa mbele yangu. Nilimwangalia dada mlangoni.

"Alisema mdogo wangu," dada akasema, haraka mno.

Mama hakumgeukia. "Wewe hukuwepo. Nimemuuliza aliyekwenda. Spana, alisema mdogo wangu, au alisema mama yako?"

"Alisema yule mtoto."

Nikamweleza. Sikuweza kusimama katikati, ni kama bomba likipasuka, hulizibi kwa kidole. Milango ya nyuma, sukari, vyumba vitatu, mpishi. Alinisikiliza kama alivyomsikiliza daktari, akaningoja nimalize. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Mpishi hakuzaa?"

"Hakuzaa, mama."

"Mimi huwaambia watu nina pua yake," alisema.

Dada akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika miguu iliyovimba. "Alikulea, mama. Wote walikuacha, yeye akakuchukua. Hiyo si zaidi ya kuzaa?"

"Alinilea. Sikatai, na nimemlilia miaka yote." Mama alikuwa akiongea chini sana. "Lakini nilipokuwa sijui, nilikuwa na baba yangu mahali fulani, na mama yangu alikufa nikimjua. Sasa mmejua. Haya, nihesabieni. Nina nani?"

"Una sisi," nikasema.

"Nyinyi nimewazaa mwenyewe, ya kwenu nayajua. Nauliza walio nyuma yangu."

Dada alikuwa akilia, lakini hakukata tamaa, ni mwanamke wa kushikilia pindo mpaka lishike. "Karatasi bado zipo, mama. Utalala kule kule. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Na mwenye baba yake atajua." Akavuta pumzi. "Nimezungushwa vya kutosha. Sitaki kuingizwa tena chumba cha mtu ili karani aandike."

"Sasa unataka tukupeleke wapi?"

"Popote."

Alisema bila hasira. Ningependa angenitukana. Mama yangu ana matusi mazuri, ya kujenga nyumba, nami nilikuwa nimejiandaa kuyapokea yote. Akaomba tu nakala iondolewe ukutani, akaomba maji, akanywa kidogo, akarudisha kikombe.

Tangu siku ile hataki kula. Dada anamlisha vijiko viwili, cha tatu anafunga mdomo. Kwangu dada haongei. Akitaka kitu anamwambia jirani amwambie Spana. Shangazi alipiga simu akitaka kusikia zaidi habari za ukoo wa baruti, kwa mara ya kwanza maishani mwake aliuliza kwa adabu, na mama akakataa kuishika simu. Ikabidi niseme mimi kwamba amelala, na shangazi akasema, "Mwambie wifi yangu nitakuja tuongee vizuri."

Nimerudi kwa Mama Vumbi mara mbili. Tumetafuta binti wa safu ya chini. Tumetafuta watu waliopita wakitafuta kazi. Watu waliopita hawakuandikwa popote, ndiyo maana ya kupita. Mara ya pili Mama Vumbi alifunga daftari mwenyewe akasema, "Fundi, hapa hamna maji." Alisema kwa upole, na nilimchukia kwa upole huo mpaka nilipofika nje.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini napita kwa mama namgeuza ubavu, kwa sababu dada peke yake hamwezi. Namuuliza tumpeleke wapi, kwa kuwa lazima mtu aulize na daktari amesema si siku nyingi. Ananijibu neno lile lile. Jana nilipokuwa nimemwinamia alinishika mkono akauvuta, nikafikiri hatimaye ana la kuniambia, nikasogeza sikio. Alikuwa akitafuta ukingo wa kitanda, ageukie ukutani.